Gari ya zamani ina misi, plagi umebadilisha na haijapona: fuata hatua hizi mpaka mwisho

Wakuu, hii naiandika kwa urefu kwa sababu kila mwezi wa sita baridi ikianza kuuma huku kwetu Mbeya nakutana na kesi ile ile. Gari imetembea kilomita laki mbili na kitu, ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, ikifika Mlima Nyoka inakosa nguvu, mwenyewe kashabadilisha plagi, kanunua koili moja ya yuzdi (koili ndo inaipa plagi umeme), kasafisha nozo zinazopulizia petroli, wengine mpaka pampu ya mafuta wamenunua, na misi, yani silinda kuruka bila kuchoma, bado ipo pale pale. Ukimuuliza silinda ipi ndo haichomi, hajui. Hajawahi kuambiwa atafute.

Hapo ndo pesa inapopotelea. Usinunue spea hata moja mpaka ujue silinda ipi ina tatizo, alafu ujue inakosa nini kati ya vitu vitatu: moto (cheche ya plagi), mafuta au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Silinda haihitaji kingine zaidi ya hivyo.

Nitatumia mfano wa Toyota maana ndo tunazo nyingi. Zenye injini ya 1NZ (IST ya cc 1500, Runx, Raum, Probox) kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Zile za nyuma zaidi zenye 5A (Corolla 110, Carina Ti) zina distributa (inayogawa umeme kwa kila plagi) na waya za plagi, nazo nimeziwekea hatua yao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua boneti

- Spana ya plagi ya 16 yenye mpira ndani, racheti na ekstensheni ndefu
- Boksi ya 10 kwa ajili ya bolti za koili
- Bisibisi ndefu ya kusikilizia nozo
- Multimeta ya kawaida
- Filagauji ya kupimia uwazi wa plagi
- Pampu ya baiskeli au kompresa ndogo ya matairi
- Chupa ya kupulizia maji, kama ile ya saluni
- Kipande cha mpira wa mafuta kama sentimita 20, kinachobana kichwa cha plagi
- Tochi, kitambaa kisichoacha nyuzi, na maka peni
- Kidude cha OBD (kinachosoma makosa ya injini) cha kuunganisha na simu, kama gari yako inakubali kusomwa
- Geji ya kompresheni. Hii azima kwa fundi, utaihitaji mwishoni tu na inawezekana usiihitaji kabisa

Plagi mpya usinunue bado. Narudia, usinunue bado.

## Kwanza hakikisha ni misi kweli

Mtetemo sio lazima uwe misi. Mauntingi ya injini (raba zinazoishikilia) ikikatika gari inatetemeka vizuri tu hata injini ikiwa haina kosa. Washa gari, nenda nyuma, weka kiganja kama shubiri moja kutoka kwenye bomba la eksozi, usiliguse. Injini nzima inatoa pumzi zinazofuatana bila kuacha. Yenye misi utasikia puf puf puf, inaruka, puf puf puf, inaruka. Kama pumzi zimenyooka na bado bodi inatetemeka, angalia mauntingi kwanza.

Na hili la mwinuko nalo tulimalize mapema, maana nalisikia sana kwa wanaotoka Dar. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwaiyo kila gari isiyo na turbo inapungua nguvu huku, hilo ni kweli kabisa. Ila mwinuko unapunguza nguvu silinda zote sawasawa. Hauchagui silinda namba 3 peke yake. Gari ikikohoa ina kosa lake.

Onyo: kama taa ya cheki injini inawaka na kuzima, inapepesa, usiendelee na safari ndefu. Petroli isiyochomwa inaenda kuungua ndani ya masega (kichujio cha moshi kwenye eksozi) kule chini na masega yanakuwa mekundu kama mkaa. Usipaki juu ya majani makavu gari ikiwa kwenye hali hiyo, hasa miezi hii ya kiangazi.

## Hatua ya 1: Andika misi inatokea lini

Chukua siku mbili uendeshe kawaida, uandike kwenye simu. Watu wanairuka hii hatua wanaona ni ya kitoto wakati inakata nusu ya kazi.

Inamisi asubuhi tu ya baridi alafu ikipata moto inapona: fikiria unyevu, nozo inayovuja, valvu zisizokaa vizuri, au maji yanayochuruzika kidogo kidogo ndani ya silinda usiku. Kama unaongeza maji ya rejeta kila wiki na huoni yanapovujia, weka alama hapo.

Inakuwa nzima asubuhi, ikishapata moto inaanza: mtuhumiwa wa kwanza ni koili. Koili mbovu inafanya kazi ikiwa ya baridi na inakata ikichemka, ndo maana unaipeleka kwa fundi asubuhi anakwambia gari nzima.

Inamisi kwenye mvua na ukungu: umeme unatoroka. Watu wa Tukuyu na Kiwira hii mnaijua.

Inamisi ukipanda mlima tu na tambarare iko poa: plagi yenye uwazi mkubwa au koili dhaifu. Ukikanyaga mafuta presha ndani ya silinda inakuwa kubwa na moto unahitaji nguvu zaidi kuruka, sasa ukiwa hautoshi unatafuta njia nyingine ya kupita.

Inamisi sailensa tu, ukipiga resi inanyooka: fikiria hewa inayoingia kwa njia isiyo yake.

## Hatua ya 2: Tafuta silinda gani

Kama una kidude cha OBD, soma namba za kosa. P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, hivyo hivyo mpaka P0304. P0300 maana yake misi inarukaruka kwenye silinda mbalimbali, na hapo usiwaze koili moja, waza kitu kinacholisha silinda zote kama mafuta au hewa. Kuhesabu: kwenye hizi Toyota injini imelala kiubavu, silinda ya 1 ni ile ya upande wa mikanda, yani upande wa dereva.

Kama huna kidude, fanya hivi. Injini ipate moto, iache sailensa. Chomoa soketi ya koili ya silinda ya 1, sikiliza, rudisha. Nenda ya 2, ya 3, ya 4. Ukichomoa ya silinda nzima injini inazidi kulegea, mtetemo unaongezeka, unasikia kabisa. Ukichomoa moja na injini isibadilike hata kidogo, umeipata. Ile ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo, kwaiyo kuikatia umeme hakubadilishi kitu.

Isikae imechomolewa zaidi ya sekunde kumi kwa sababu ya yale masega. Na hapa nasisitiza sana: unachomoa soketi ndogo ya waya, HUNYANYUI koili yenyewe injini ikiwa inawaka. Ule mchezo wa kunyanyua koili au waya ya plagi kuangalia cheche inaruka umbali gani unaua koili, na umeme wake unaweza kukurusha mkono ukaingia kwenye mkanda au feni. Nimeshaona mtu kapasuka kiganja kwa sababu hiyo, acha kabisa.

Vilimi vya soketi kwenye gari za umri huu vimekauka, ukivilazimisha vinavunjika. Bonyeza kilimi ndani kwanza, ndo uvute.

Umefanikiwa ukiwa na namba moja. Iandike kwa maka peni kwenye koili.

## Hatua ya 3: Toa koili na plagi, zisome

Zima gari, iache ipoe kabisa. Kichwa cha injini ni alumini, ukifungua plagi kikiwa cha moto unaweza kutoka na nyuzi za tundu la plagi, na hiyo ni gharama ambayo misi haijawahi kufikia.

Fungua bolti ya 10, zungusha koili kidogo kushoto kulia ndo uivute juu. Kabla hujaingiza spana, pulizia kisima cha plagi kwa pampu. Barabara zetu za vumbi zinajaza mchanga mle ndani, na plagi ikitoka ule mchanga unadondokea juu ya pistoni.

Sasa angalia, taratibu, kwenye mwanga.

Kisima kina oili? Oili iliyojaa kisimani imepita kwenye sili za gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini). Inalainisha mpira wa koili na umeme unapita pembeni. Hapa ukibadilisha plagi bila gasketi utarudi hapo hapo baada ya miezi miwili, na hiki ndo chanzo nilichokutana nacho mara nyingi kuliko vyote kwenye gari zenye kilomita nyingi.

Kuna kutu au alama ya maji? Mara nyingi ni ile tabia ya kuosha injini kwa presha pale kwenye kaoshi.

Ncha ya plagi ina rangi gani? Kahawia nyepesi ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi ya jiko la mkaa, mafuta ni mengi au moto ni dhaifu. Nyeusi ya kung'aa yenye oili, oili inaingia ndani ya silinda. Nyeupe kabisa, mafuta hayatoshi au hewa inaingia kwa wizi. Imelowa na inanuka petroli, silinda inapata mafuta ila haipati moto.

Zilinganishe zote nne kwa kuzipanga kwa mpangilio wake kwenye kitambaa. Tatu zikifanana na moja ikiwa tofauti, umeshaona unapoelekea.

Alafu angalia ule mpira mrefu wa koili na kauri nyeupe ya plagi. Kuna mzee mmoja wa Igawilo anashusha maziwa kutoka Isyonje kila asubuhi na Probox, alikuja na plagi nane kuukuu kwenye kopo la siagi, zote zimebadilishwa ndani ya mwaka. Akaniambia, "Mwanangu, ikikuta ukungu pale Isyonje inakuwa kama imefungwa kamba." Nikachomoa koili ya tatu nikaigeuza kwenye jua. Kwenye ule mpira mweusi kulikuwa na kamstari kembamba keupe, kama unywele, kanashuka kutoka juu mpaka kwenye mdomo wa mpira. Ukipitisha kucha unahisi kamechimba. Ule ndo mchirizi wa umeme: moto ulikuwa unashuka nje ya plagi unaishia kwenye bodi ya injini badala ya kuruka kwenye ncha, na ukungu unaurahisishia njia. Plagi zote nane hazikuwa chanzo cha tatizo. Nilimuonea huruma sana mzee wa watu, pesa ya maziwa ya mwaka mzima imeingia kwenye lile kopo.

Ukiona mchirizi wa hivyo kwenye mpira, kwenye kauri ya plagi pia utakuwepo mwenzake. Badilisha vyote viwili pamoja, ukibadilisha kimoja kile cha zamani kitauchora huu mpya.

## Hatua ya 4: Hamisha, kimoja kimoja

Kama macho hayajaona kitu, sasa ndo unapima kwa kuhamisha. Tuseme mbovu ni silinda ya 2. Chukua koili ya 2 weka ya 4, ya 4 ilete ya 2. Plagi usiziguse. Washa, subiri ipate moto kabisa maana koili inafichuka ikichemka, rudia kipimo cha hatua ya 2.

Misi imehamia silinda ya 4? Koili ndo mbovu, kanunue koili moja.

Imebaki ya 2? Koili ni nzima. Sasa hamisha plagi ya 2 na ya 4. Misi ikifuata plagi, plagi. Ikibaki pale pale, moto sio tatizo lako, nenda kwenye mafuta.

Usihamishe viwili kwa pamoja, hata kama giza linaingia na una haraka. Misi ikihama hutajua kipi kimeihamisha na umerudi mwanzo.

Koili za 1NZ zina pini nne na elektroniki ndani yake, kwaiyo kuipima kwa multimeta kwa kutafuta omu hakukupi jibu la kuamini. Kuhamisha kunakupa.

## Hatua ya 5: Wenye distributa na waya

Hapa multimeta inafanya kazi. Toa kila waya ya plagi, pima ncha kwa ncha. Kwa Toyota hizi waya moja isizidi kiloomu 25. Ukiikunja kunja wakati unapima na namba ikarukaruka, imekatika ndani.

Fungua kifuniko cha distributa, tafuta nyufa na mistari myeusi kati ya vituo, na angalia ile kaboni ya katikati kama bado ipo. Roto ikiwa imelika ncha, badilisha pamoja na kifuniko.

Usiku gari ikiwa inawaka, zima taa zote, pulizia maji kama ukungu mwepesi kwenye waya. Mikono na nguo mbali. Kama zinavuja utaona cheche za bluu zinatembea. Ni kipimo cha bure kabisa.

Ukirudisha waya fuata mpangilio wa kuchoma 1-3-4-2, na ni bora utoe moja urudishe moja.

## Hatua ya 6: Mafuta na hewa

Injini ikiwa sailensa, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozo, mpini uweke sikioni. Nozo nzima inagonga tak tak tak haraka haraka. Iliyo kimya aidha imekufa au haipati umeme. Zima gari, chomoa soketi yake, pima omu kwenye pini zake mbili: kwa hizi za Toyota tegemea kati ya 12 na 15. Zinazogonga ila zinatema vibaya zinahitaji kusafishwa kwenye mashine. Kama petroli umenunua kwenye dumu kule vijijini, anza kwa kumaliza hayo mafuta na kujaza ya sheli unayoiamini kabla hujafungua kitu.

Hewa ya wizi: mipira ya vakyumu kwenye gari za zamani inakakamaa na kupasuka. Sikiliza mlio wa sss kwenye manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini). Pulizia maji kidogo kidogo kwenye maungio, mlio wa injini ukibadilika umepata tundu. Tumia MAJI. Kuna mafundi wanapulizia petroli hapo, injini ya moto na petroli ya mvuke ni gari kuungua na wewe ukiwa umeinama juu yake.

## Hatua ya 7: Kompresheni

Umefika hapa kama moto upo, mafuta yapo, na silinda bado haichomi.

Injini iwe ya vuguvugu, sio ya moto mkali kwa sababu ya zile nyuzi za hatua ya 3, toa plagi zote nne, chomoa soketi zote za koili na nozo, betri iwe na nguvu. Funga geji, mwenzako akanyage mafuta mpaka chini, apige stata mpaka sindano iache kupanda, kama mizunguko sita hivi. Andika kila silinda.

Kitabu cha 1NZ kinasema mpya ni psi 213, isishuke 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Sasa sikiliza, hizo namba ni za usawa wa bahari. Huku kwetu hewa inayoingia ni nyepesi na geji itasoma chini kwa kama asilimia 15 au zaidi kidogo hata kwa injini nzima, kwaiyo usikubali mtu akwambie injini imekufa kwa sababu imesoma 150. Angalia tofauti. 150, 148, 152, 149 ni injini nzima. 150, 148, 90, 149 ina shida silinda ya 3.

Kwenye ile iliyoshuka, mimina kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Kabla ya kukubali hedi ifunguliwe, mwambie fundi apime uwazi wa valvu: kwa 1NZ za kuingiza ni milimita 0.15 mpaka 0.25, za kutoa 0.25 mpaka 0.35. Gari ya kilomita laki tatu ambayo haijawahi kupimwa valvu, uwazi ukiwa umebana valvu haifungi na kompresheni inavuja. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, hapo gasketi ya hedi imekatika kati yake.

## Hatua ya 8: Kufunga na kujaribu

Plagi mpya pima uwazi kwanza, kwa 1NZ ya kawaida ni milimita 1.1. Ichomeke kwenye kile kipande cha mpira wa mafuta, uianzishe kwa kuzungusha mpira. Ikikaa upande mpira utateleza wenyewe, spana isingeteleza, ingekula nyuzi. Ikigota kwa mkono, malizia na spana nusu mzunguko kwa plagi mpya. Plagi ya zamani unayoirudisha inataka kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko.

Koili isukume mpaka uisikie imekaa, soketi mpaka ilie tik. Kama kilimi kimevunjika usifunge kwa raba bendi, joto linaikata ndani ya wiki, tafuta soketi nyingine.

Futa namba za kosa, au toa kichwa hasi cha betri dakika chache. Sailensa inaweza kuyumba mwanzoni wakati kompyuta inajifunza upya, hiyo sio misi.

Alafu nenda mlimani. Kwa Mbeya panda Mlima Nyoka, watu wa Iringa mna Kitonga, injini ikiwa imepata moto, gia isibadilike, kanyaga mafuta taratibu mpaka karibu na mwisho. Angalia malori nyuma yako kabla ya kujaribu, na uwe na pa kuegesha. Ikinyooka bila kukohoa, taa ikabaki imezima, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi na ile baridi ikawaka mara moja ikatulia, umemaliza.

Baada ya kilomita kama 500 itoe tena plagi ya ile silinda iliyokuwa mbovu uweke pembeni ya jirani yake. Zikiwa rangi moja, rudisha ufunge boneti. Ikiwa bado inaanza kuwa nyeusi peke yake, rudi hatua ya 7.